AFYA NYUMBANI MWETU: Paa la shule likivunjika, nani anaokota vipande?



Mwezi huu hatutazungumza juu ya malaria wala juu ya maji ya kunywa. Mwezi huu nawaomba muinue macho na kuangalia juu, kwenye paa la shule ambamo watoto wenu wanakaa kila siku kutoka asubuhi mpaka saa ya kurudi.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Nilikuwa Kisangani kwa yaya yangu, katika komini ya Mangobo. Usiku wa Alhamisi ilinyesha mvua yenye upepo mkali, sawa mnavyoijua ile ya kwetu. Upepo uling'oa sehemu ya paa la shule moja ya zamani, jengo la wakati wa Wabelgiji. Siku ya Jumamosi watoto waliitwa kwa salongo. Mtoto wa yaya, mwenye miaka 9, alirudi saa sita nywele zake nyeupe, kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga muhogo. Mfukoni alikuwa na kipande cha kijivu, kizito, chenye ncha. Nilimwuliza:

– Papa, umetoka wapi hivi?

– Mama mdogo, tulifanya salongo. Mwalimu alisema tuokote bile bipande bya paa, tubitupe kule nyuma ya vyoo. Bingine tulibivunja na mawe, juu bilikuwa bikubwa, habikuingia mu kitunga.

– Na hiki cha mfukoni?

– Ni cha kuchoresha chini. Kinaandika muzuri kupita chaki.

Yaya alicheka, akasema: “Ni mavumbi tu. Ataoga, yatatoka.”

Mpenzi msomaji, mavumbi ya nywele yanatoka kwa maji na sabuni. Yale yaliyoingia kifuani hayatoki. Ndiyo maana ninaandika.

KITU HIKI NI NINI?

Watu wengi wanaita mabamba haya Eternit, kwa jina la kampuni iliyoyauza sana. Wengine wanasema fibrosimenti. Ni simenti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe linaloitwa amianti. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanaliita asbesto. Mtu wa Austria, jina lake Ludwig Hatschek, ndiye aliyevumbua namna ya kuchanganya vitu hivi viwili, na mwaka 1901 akapata haki ya uvumbuzi huo. Katika bamba la namna hiyo, amianti ni karibu sehemu 10 mpaka 15 kwa 100. Inayobaki ni simenti.

Amianti yenyewe inachimbwa katika migodi, kama shaba na dhahabu. Ninyi mnaoishi kwenye makambi ya wachimbaji mnajua mawe. Lakini jiwe hili ni la ajabu. Ukilisaga halifanyi mchanga, linafanya nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo haziungui na haziozi. Ndiyo sababu dunia nzima ililipenda. Waliliweka kwenye mapaa, dari, mabomba ya maji, mabomba ya moshi, hata kwenye breki za magari. Katika nchi ya joto na mvua, bamba la Eternit lilikuwa na faida: halipati kutu, na mvua ikinyesha halipigi kelele kama manjanja. Mwalimu anaweza kufundisha na watoto wakasikia.

Basi wazee wetu hawakuwa wajinga. Walipewa kitu kilichosifiwa kuwa kizuri. Sisi leo tunajua zaidi, na anayejua zaidi ana deni zaidi.

UBAYA WAKE UKO WAPI?

Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi wanakosea. Kugusa bamba hakuleti ugonjwa. Kulala au kusoma chini ya paa la Eternit lililo zima si jambo la kukimbia. Nyuzi zimefungwa ndani ya simenti, kama chuma ndani ya beto.

Hatari inaanza wakati bamba linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno, kutobolewa, kusuguliwa, au linapozeeka mpaka uso wake unakuwa kama unga. Hapo nyuzi zinafunguliwa na kuruka hewani. Ni nyembamba kupita unywele mara nyingi sana. Macho hayazioni, pua haisikii harufu yoyote, mtu hapigi hata chafya. Anazivuta pamoja na hewa, zinashuka mpaka ndani ya mapafu, na mwili hauna nguvu ya kuziyeyusha. Zinabaki humo miaka na miaka, zikikwaruza polepole.

Magonjwa yanayotokana nazo ni matatu makubwa. La kwanza ni asbestosi, yaani mapafu yanakauka na kuwa magumu, mtu anakosa pumzi. Hilo linawapata zaidi waliofanya kazi katika mavumbi mengi kwa miaka. La pili ni kansere ya mapafu. La tatu ni mesotelioma, kansere ya utando unaofunika mapafu au tumbo, na hiyo karibu siku zote inaua. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba aina zote za amianti zinaleta kansere kwa binadamu. Hakuna aina “nzuri”.

Na ugonjwa huu una hila moja: hauna haraka. Mesotelioma inaonekana baada ya miaka 20, 30, 40, wakati mwingine zaidi. Mtu anavuta mavumbi akiwa mtoto wa shule, anaugua akiwa na watoto wake mwenyewe.

WALIOUMIA MBELE YETU

Twende kwanza Afrika ya Kusini, nchi ya migodi kama yetu. Upande wa kaskazini wa jimbo la Cape walichimba amianti ya rangi ya buluu. Mwaka 1960 waganga watatu, Wagner, Sleggs na Marchand, waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma waliowachunguza. Jambo lililoshangaza dunia ni hili: wengi wao hawakuwa wachimbaji. Kulikuwa na wanawake, kulikuwa na watu wa kazi nyingine. Walikuwa wameishi tu karibu na migodi na vinu, na wengine walikuwa huko katika utoto wao, wakati ambapo marundo ya mabaki ya amianti yalikuwa uwanja wa michezo. Miaka ilipita, wakahama, wakasahau. Kifua hakikusahau.

Sasa twende Ubelgiji, kule kulikotoka mabamba mengi ya Eternit. Katika kijiji cha Kapelle-op-den-Bos kulikuwa na kiwanda. Injinia mmoja wa kiwanda hicho, Pierre Jonckheere, aliishi karibu nacho na mke wake na watoto wao watano, wote wa kiume. Baba alikufa kwa mesotelioma mwaka 1987. Mama, Françoise, ambaye hakuwahi kufanya kazi kiwandani, alishikwa na ugonjwa uleule akafa mwaka 2000. Baadaye baadhi ya wana wao nao walikufa kwa mesotelioma. Kabla ya kufa, mama huyo alikataa fedha ambazo kampuni ilimpa ili anyamaze, akaenda mahakamani. Mwaka 2011 mahakama ya Bruxelles ilisema Eternit ina kosa, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilithibitisha kosa hilo.

Ona, msomaji: injinia alikuwa na elimu, alikuwa na mshahara mzuri, alikuwa na hospitali karibu. Vyote hivyo havikuwazuia nyuzi kuingia nyumbani kwake.

Umoja wa Ulaya ulikataza amianti yote kuanzia mwaka 2005. Afrika ya Kusini, iliyokuwa muuzaji mkubwa, iliikataza mwaka 2008. Lakini kukataza kuuza hakuondoi mabamba yaliyokwisha kupigiliwa misumari juu ya shule tangu miaka ya 1950.

KWA NINI TUNAWAZA HASA WATOTO?

Kwa sababu tatu.

Kwanza, mtoto ana miaka mingi mbele yake. Mzee wa miaka 70 akivuta nyuzi leo, pengine atakufa kwa jambo lingine kabla ugonjwa haujaamka. Mtoto wa miaka 9 atakuwa na miaka 49 tu wakati miaka 40 itakapotimia. Ugonjwa una nafasi ya kumngoja.

Pili, mtoto anacheza chini. Anakimbia, anapumua haraka, anapiga teke mavumbi, anaweka vitu mfukoni, anachora kwa kipande cha bamba, anakisaga kwa jiwe ili kupata “unga” wa kupikia mchezo.

Tatu, mtoto anatii. Mwalimu akisema “okota”, anaokota. Akisema “fagia”, anafagia. Mfanyakazi mkubwa anaweza kukataa au kudai maski. Mtoto hana sauti hiyo. Sauti yake ni yako, mzazi.

TURUDI KISANGANI

Mji wetu una majengo mengi ya zamani, na mji wetu umepigwa sana. Wenye umri wanakumbuka Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya watu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na karibu 1 700 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4 000 ziliharibiwa, na shule 69 zilipigwa na makombora. Hata kanisa kuu la Notre-Dame lilipata pigo.

Tulilia watu wetu, na ilikuwa haki kulia. Lakini nani wakati ule alifikiri juu ya mapaa? Kila mahali ambapo kombora lilipiga bamba la Eternit, lilisagwa na kuwa unga na vipande. Vipande vilisukumwa pembeni ya kiwanja, vikafunikwa na majani, vingine vikaokotwa ili kuziba shimo la njia au kuzungushia bustani ya lengalenga. Ukipita leo karibu na jengo la zamani, angalia chini kabla ya kuangalia juu.

Tena kuna jambo la kwetu Tshopo: mvua na unyevu. Mapaa yanaota ukoka wa kijani, na watu wanapenda kuupangusa kwa burashi ya chuma ili paa liwe safi. Kwa Eternit, hiyo ni kazi mbaya kupita zote. Unakwangua simenti na kufungua nyuzi.

Halafu, tangu mwaka 2019, shule za msingi za serikali ni za bure. Watoto wameongezeka sana. Mahali pengine vyumba vilivyokuwa vimefungwa kwa ubovu vimefunguliwa tena, dari inaning'inia, na watoto wanabanana chini yake. Furaha ya kuwaona wote shuleni isitufanye tusahau wamekaa chini ya nini.

UTAJUAJE KAMA NI AMIANTI?

Kwa macho peke yake huwezi kuwa na hakika kabisa. Ni maabara tu inayoweza kusema. Lakini kuna alama. Bamba ni la kijivu, lenye mawimbi, nene kupita manjanja. Ukiligonga kwa kidole linatoa sauti nzito, si mlio wa chuma. Linavunjika kama sahani, halikunjiki. Lina umri: jengo lilijengwa kabla ya miaka ya 1990. Kwenye mabamba mengine ya Ulaya herufi zimegandamizwa: AT ni yenye amianti, NT ni mapya yasiyo nayo.

Usivunje bamba ili upate kujua. Ukiwa na shaka, lihesabu kuwa ni amianti mpaka ithibitishwe kinyume.

“TULICHEZA NAYO, HATUKUFA”

Jumatatu ile nilimsindikiza yaya kwa direkta. Alitupokea kwa heshima, akatupatia viti. Tulipokwisha kueleza, alitabasamu akasema: “Wamama, mimi mwenyewe nilisoma hapa. Tulivunja hivi vipande, tulitelezea juu yake. Mnaniona, niko mzima. Na sina faranga za kununua hata chaki. Mnataka nibomoe paa?”

Nadhani wengi wenu mtasikia maneno hayo siku mtakapokwenda kuuliza. Basi tujifunze kuyajibu bila kugombana.

Kwanza, si kila aliyevuta nyuzi ataugua, kama vile si kila anayevuta sigara anapata kansere. Anayebaki mzima anasimulia. Aliyekufa hasimulii. Na kwetu, mtu wa miaka 50 akifa kwa kukosa pumzi, nani anatafuta sababu? Kugundua mesotelioma kunataka kukata kinyama kidogo na kukichunguza katika maabara. Tunasema “alikuwa na kifua”, tunazika, tunagawana sukari na kahawa kwenye matanga. Ugonjwa usioandikwa si ugonjwa usiokuwapo.

Pili, hakuna aliyeomba kubomoa paa. Kubomoa vibaya ni hatari kupita kuacha. Tulichomwomba direkta hakikuhitaji faranga nyingi. Kilihitaji amri moja: mtoto asiguse vipande tena.

MAMBO SABA AMBAYO KOMITE YA WAZAZI INAWEZA KUANZA NAYO

1. Mtoto asitumwe kamwe kwa kazi ya paa. Salongo ya majani, ndiyo. Salongo ya vipande vya paa, hapana. Wala kwa adhabu.

2. Usifagie pakavu. Mavumbi ya chini ya dari iliyovunjika yasifagiwe kwa ufagio. Nyunyiza maji kwanza, halafu pangusa kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa hicho hakifuliwi, kinatupwa pamoja na vipande.

3. Funga mahali palipovunjika. Kamba na miti inatosha ili watoto wasipite. Kama ni chumba, kifungwe, hata kama darasa litasoma chini ya mwembe kwa muda.

4. Vipande viokotwe na watu wazima wachache. Wavilowanishe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo. Waviokote vizima, bila kuvivunja. Wavae maski za kweli za kuzuia mavumbi membamba, zile wafanyakazi wa migodini wanazozijua, zenye alama P3 au FFP3. Kitambaa cha pamba na maski za wakati wa Covid havizuii nyuzi hizi. Wakimaliza waoge, na nguo zao zifuliwe peke yake, zikiwa zimelowa, bila kukung'utwa.

5. Vipande viwekwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki nzito, ifungwe na kuandikwa. Visichomwe: katika moto bamba linapasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Visitupwe mtoni wala kwenye kiwanja. Ulizeni ofisi ya mazingira ya jimbo mahali pa kuvizika. Kama mnangoja jibu, viwekwe mahali pakavu penye kufuli. Shimo lolote la kuzikia liwe refu, mbali na kisima na chemchemi, lifunikwe kwa udongo mwingi, na mahali pake paandikwe ili kesho mtu asije akachimba msingi wa nyumba.

6. Msitoboe, msikate, msisugue. Fundi wa umeme anayetaka kupitisha waya aelezwe kabla. Ukoka wa paa uachwe.

7. Fungueni kaye ya jengo. Huko Marekani sheria ya mwaka 1986 inadai kila shule iwe na mpango wa amianti: mahali zilipo zikaguliwe na mtaalamu kila baada ya miaka mitatu, na kuangaliwa kila miezi sita, na wazazi wana haki ya kusoma kitabu hicho. Sisi hatuna wataalamu wengi, lakini kaye tunayo na macho tunayo. Andikeni: chumba gani, bamba gani limepasuka, tarehe gani. Baada ya kila mvua kubwa, mtu wa komite apite aangalie.

Mambo haya saba hayamalizi tatizo. Yanazuia mavumbi ya leo mpaka paa jipya litakapopatikana.

KIJANA, HAPA NI KWAKO

Wewe uliye kwenye shule ya sekondari, pengine unapata faranga kidogo wakati wa likizo kwa kusaidia fundi kubomoa na kujenga. Kazi ni heshima. Lakini fundi akikuambia “panda, vunja hiyo Eternit, shusha”, uliza kwanza. Afadhali kukosa faranga za siku moja. Usichukue mabamba ya zamani kwa kujengea jiko la mama, wala kipande kwa kuchomea mahindi.

Na kama unavuta sigara, jua jambo hili. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliwachunguza wafanyakazi waliofanya kazi na amianti. Asiyevuta sigara alikuwa na hatari ya kufa kwa kansere ya mapafu karibu mara 5 kupita mtu asiyeguswa na amianti wala sigara. Aliyekuwa na vyote viwili, hatari yake ilikuwa zaidi ya mara 50. Amianti na sigara ni rafiki wawili wabaya; mmoja anamfungulia mwenzake mlango.

KAMA MTOTO AMEKWISHA KUYAVUTA?

Hili ndilo swali yaya aliloniuliza usiku, mtoto amelala. Sauti yake haikuwa na kicheko tena.

Jibu ni hili. Usishikwe na woga. Hatari inakua kwa wingi na kwa muda. Siku moja ya mavumbi si hukumu ya kifo, na watoto wengi wa namna hiyo hawataugua kamwe. Hakuna dawa ya kuzitoa nyuzi, na radio ya kifua leo haitaonyesha kitu, basi usimalize faranga zako huko. Fua nguo zake zikiwa na maji, mwoshe nywele, tupa kile kipande kwa namna tuliyoeleza. Halafu fanya lile linalobaki katika uwezo wako: hakikisha haitakuwa siku ya pili, wala ya tatu, wala mwaka mzima. Na atakapokua, mwambie, ili siku akimwona mganga juu ya kifua aweze kusema: “Nilipokuwa mtoto nilivunja Eternit.” Neno hilo moja linaweza kumsaidia mganga kutafuta mahali panapofaa.

NA PAA JIPYA, NANI ATALIPA?

Hatuwezi kukwepa swali hili. Rwanda, jirani yetu, ilianza mwaka 2011 mpango wa serikali wa kuondoa mapaa ya amianti nchi nzima, kwenye ofisi, kwenye shule, makanisa na nyumba za watu, na kuyazika katika mashimo yaliyotengwa. Nchi ndogo, na bado kazi imechukua miaka mingi kupita walivyopanga. Kwetu, nchi kubwa kama hii, tusidanganyane kwamba itakuwa kesho.

Lakini tukumbuke jambo moja. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za nchi hii ziko chini ya uongozi wa makanisa, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu. Jengo ni la watu wote, lakini ufunguo uko mkononi mwetu. Basi tusiseme tu “Serikali, Serikali”. Wakati shule inapopata msaada, iwe wa parokia, wa shirika, au wa kampuni ya madini inayotakiwa kutengeneza kitu kwa ajili ya wenyeji, komite ya wazazi iseme wazi: kabla ya rangi ya kuta, kabla ya bendera mpya, paa. Na iongeze katika karatasi ya mkataba: mabamba ya zamani yashushwe mazima, yakiwa yamelowa, wakati wa likizo, watoto hawapo. Ninyi wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi na wa Kilo-Moto, neno hili ni lenu pia. Majengo ya makambi yenu ni ya umri uleule.

TULIVYOACHANA

Nisiwafiche, mambo hayakumalizika vizuri kama hadithi. Direkta hakukubali kosa. Lakini alipotusindikiza mpaka mlangoni, watoto wawili walikuwa wanachora miraba ya mchezo chini, kila mmoja na kipande chake cha kijivu. Alisimama kidogo. Halafu aliita: “Ninyi wawili! Muache bile bitu. Mukuye mukamate chaki kwangu.” Akaingia ofisini, akatoka na chaki mbili, yeye aliyesema hana faranga za chaki.

Jumapili iliyofuata komite ya wazazi ilikutana. Baba wawili, mmoja mwashi na mmoja aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu huko Bafwasende, walijitolea. Rundo la nyuma ya vyoo limekwisha kulowanishwa na kufunikwa kwa plastiki, limezungushiwa miti. Mahali pa kulizika bado hapajapatikana. Barua imekwenda ofisini. Darasa la nne linasoma kwa zamu mchana. Yaya ndiye anayeshika kaye ya jengo.

Nawe msomaji, nani anaishika kwenye shule ya mtoto wako?

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI

– Shule ya watoto wetu ilijengwa mwaka gani? Paa lake ni la nini? Nani kati ya wazee anakumbuka?

– Je, kuna vipande vya mabamba kiwanjani, njiani, au nyumbani kwetu? Tunavitumia kwa kazi gani?

– Katika shule yetu, watoto wanatumwa kufanya salongo ya namna gani? Nani anaweza kuzungumza na direkta kwa heshima?

– Vijana: ni wangapi kati yetu tuliowahi kuvunja Eternit kwa kazi au kwa mchezo?

Kaeni salama. Tutaonana tena mwezi ujao katika ukurasa huu.